Meno ya Mapokezi

Mikumi, 12 Januari 2025

Mke wangu wa kwanza, Bibi Costancia,

Shikamoo. Naandika kwa sababu nikipiga simu unauliza "nani? nani?" mpaka salio linaisha, halafu unamlaumu mjomba Filipo kwamba simu yake mbovu. Simu ni nzima, bibi. Masikio yako ndiyo yametangulia kuzikwa yakakuacha wewe ukihangaika. Barua hii nampa Yassin, kondakta wa basi la Kilosa, na nimemwambia asikukabidhi mpaka umwonyeshe jino moja. Kama huna, arudi nayo.

Mimi mzima. Mjomba hajambo? Mwambie aache kuzijaribu baiskeli za wateja kwa kushuka nazo mlima, umri umekwenda.

Sasa nisikilize, maana hili si la utani. Meneja wetu, Bwana Fortunatus, amenitoa kwenye kubeba mabegi ya wageni na kuniweka mapokezi kwa majaribio mpaka mwisho wa Juni, wageni wa kiangazi wakianza kujaa. Nikifaulu nina kiti, nina meza, nina jina langu kifuani. Nikishindwa narudi kwenye mabegi, na mgongo wangu unayajua mabegi hayo vizuri. Juzi akaniita ofisini. Wageni wawili wameandika kwamba kijana wa mapokezi anaonekana amekasirika. Nikamwambia sijawahi kumkasirikia mgeni hata mmoja. Akanisimamisha mbele ya kioo akaniambia niongee. Nikaongea. "Umeona jino lolote la juu?" Sikuona. Mdomo wangu wa juu unashuka mpaka chini, naongea na meno ya chini tu kama mzee wa baraza. Akasema, "Mapokezi ni meno, Goodluck. Tafuta ufumbuzi."

Tangu siku hiyo sina raha. Nimeishi na uso huu miaka yote na hakuna aliyeniambia. Wewe ulijua?

Mumeo,
Goodluck

Mabwerebwere, 29 Januari 2025

Mume wangu,

Marahaba. Yassin aliniomba jino nikamwonyesha fimbo, barua ikatoka haraka. Huku tuko salama. Mahindi yamesimama vizuri, kuku wawili wameliwa na kicheche. Filipo anakohoa kidogo, vumbi la baiskeli hilo, nimemwekea tangawizi.

Unauliza kama nilijua? Mtaa mzima ulijua! Siku unazaliwa mkunga alikugeuza mara mbili akitafuta mdomo wako unaishia wapi. Mama yako, Mungu amrehemu, alisema labda utapungua ukikua. Haukupungua, ulikua wewe nao ukakua. Tangu masikio yangu yafe, Filipo namsoma midomo na namwelewa kila kitu, mpaka matusi anayowatukana wateja. Wewe ukija likizo nakaa kuutazama mdomo wako kama mtu aliyefika dukani akakuta limefungwa. Hao wageni nawaonea huruma, wamepanda ndege kuja kuona wanyama na wa kwanza wanayemkuta ni wewe.

Na kama umeshaanza kununa hapo ulipo, kumbuka nilichokufundisha: mtani hanuni. Anayenuna amekubali.

Mkeo asiye na jino na asiye na shida nalo,
Costancia

Mikumi, 9 Machi 2025

Mke wangu usiye na haya,

Shikamoo. Sijanuna. Kimya changu ni mvua, na halafu nilikuwa Morogoro. Pole kwa kuku, ingawa kicheche naye angekuona wewe angeacha kuku. Kikohozi cha mjomba mpelekeni hospitali, tangawizi si dawa ya kila kitu.

Nilikwenda kwa daktari wa meno, mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Aliniambia nitamke "karibu" na "asante" huku ameniwekea rula ndogo ya chuma mdomoni. Kwa kawaida, akasema, mtu akilegeza midomo ncha za meno ya juu huchungulia kidogo, kama upana wa punje ya mchele. Zangu hazichungulii kabisa. Kwanza mdomo wenyewe ni mrefu. Pili, nasaga meno nikilala, na yale ya mbele yamefupika kwa kusagika.

Yeye anataka kuyarefusha yale manne ya mbele kwa dawa nyeupe ileile ya kuzibia meno. Anaipanga juu ya jino, anaikausha kwa taa, ukiichukia anaiondoa na jino lako linabaki lilivyokuwa. Kwa wenye uwezo zaidi kuna vigae vyembamba vya kaure vinavyogandishwa mbele ya jino, lakini hapo lazima jino likwanguliwe, na likishakwanguliwa limekwanguliwa. Nikamuuliza kuhusu sindano za mdomo ninazoziona kwenye simu. Akacheka. Alisema zinakunja mdomo kwa miezi michache, na kwa mdomo mzito kama wangu zinaweza kuuongezea uzito tu. Kuna na kukata ukanda wa ngozi chini ya pua ili mdomo upande juu. Hapo uso wake ulibadilika. Akasema hiyo ni kazi ya daktari bingwa wa upasuaji, kwenye chumba cha upasuaji, na kilichokatwa hakirudishwi. Akanipa na mazoezi ya kuongea mbele ya kioo nikiuinua mdomo. Amenipa siku ya kurudi baada ya Pasaka aanze na yale manne.

Nimefarijika, bibi. Ni jambo dogo kumbe.

Goodluck

Mabwerebwere, 30 Machi 2025

Mume wangu mwenye mdomo wa kupimwa kwa rula,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimelazimika kukaa chini. Mama Verdiana jirani alidhani nimepata msiba, kumbe nacheka.

Meno ya kuongezewa! Kwetu bibi harusi ndiye anayebandikwa kucha, na zinadondokea kwenye pilau siku hiyohiyo. Wewe mwanaume mzima unabandikwa meno ili uwakaribishe Wazungu? Yakidondoka kwenye kitabu cha wageni utasema ni ya nani? Na hayo mazoezi! Umesimama chumbani unakichekea kioo, siku kioo kikikucheka utakishtaki wapi? Huyo daktari wako amesoma lakini hana akili ya nyumbani. Pazia likiburuza chini, fundi hakuongezei dirisha. Anakata pazia, basi. Lakini wewe wembe huuwezi, hata tohara ulishikwa na watu wanne.

Filipo tulimpeleka. Wamempima, wameandika sana, mimi hawakuniambia kitu kwa kuwa sisikii, na yeye akiniambia anageuza uso ukutani ili nisiuone mdomo. Najua basi kwamba si vumbi. Njoo Pasaka. Yeye ndiye aliyekulea mama yako alipokufa, na anakutaja.

Costancia

Mikumi, 22 Mei 2025

Bibi,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Pasaka wageni walijaa sikuweza kutoka, na baada ya hapo nilikuwa na homa kidogo, imekwisha. Yassin atakupa sukari na maziwa ya kopo ya mjomba.

Meno sasa yanaonekana. Bwana Fortunatus ameyaona. Naomba hilo tusilizungumze tena.

Goodluck

Mabwerebwere, 3 Juni 2025

Mume wangu,

Marahaba. Sukari imefika, maziwa Filipo ameyatapika lakini amesema asante. Tumeanza kuvuna. Barua yako fupi kama mkia wa mbuzi, na mkia wa mbuzi hausitiri kitu.

Nimeambiwa mambo. Yassin anasema alipokuletea viazi vyangu ulitoka umejifunga kitambaa usoni, jua la saa saba, ukajibu kwa kutikisa kichwa kama ng'ombe wa kulimia. Umekuwa jambazi? Au hayo meno mapya ni ya dhahabu unaogopa yataibiwa? Tangu Januari unanililia meno, sasa umeyapata unayafunika. Nitumie picha kwenye simu ya Filipo nicheke kabla sijafa. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kilio humfichua.

Filipo amelala tangu wiki iliyopita. Suruali anaifunga kwa kamba. Kila basi la Mikumi likipiga honi anainua kichwa. Kuja ni nusu siku tu, Goodluck. Mwambie huyo meneja una mjomba mmoja.

Costancia

Mikumi, 17 Juni 2025

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima. Kitambaa ni vumbi la barabarani. Picha sina.

Nyani haoni kundule: wewe hujafungua mdomo kupigwa picha tangu enzi za Nyerere, wangu unautakia nini? Na mjomba anakohoa tangu nikiwa darasa la tatu. Hawezi kuchagua kufa mwezi huuhuu ambao majaribio yangu yanaisha. Mwambie anisubiri Julai, kama alivyozoea kuwasubirisha wateja wake. Nikitoka sasa nitapoteza kila kitu.

Goodluck

Mabwerebwere, 6 Julai 2025

Goodluck,

Sikusalimu na wewe usinisalimu. Habari za nyumbani unazijua, ulizisoma mwenyewe mbele ya jeneza.

Tulikuwa tumekaa tangu asubuhi tukikusubiri wewe. Ulikuja umechelewa, umevaa barakoa kama watu wa corona. Nikasema sawa, anaona haya kwamba mjomba wake alimwita hakuja. Mzee Mathayo wa jumuiya akakupa wasifu wa marehemu uusome, kwa kuwa ndiwe mtoto aliyemlea. Ukaanza na barakoa. Watu wa nyuma wakalalamika hawasikii. Mathayo akakuonyesha kwa kidole uivue. Ukaivua.

Mimi sisikii. Siku ile nilikuwa na macho tu. Watani walikuwa wameshafanya kazi yao. Mmoja alivaa ovaroli ya Filipo akawa anapuliza mpira wa baiskeli usiokuwepo, hata mimi nilicheka kwenye khanga yangu, ndivyo tunavyozikana. Lakini mtani ni mtani na mtoto ni mtoto. Nikakuona wewe umesimama kichwani pa mwanangu, meno nje mpaka fizi, kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Hukufumba mdomo hata mara moja. Watu wa Zombo, wasiokujua, wakadhani nawe ni mtani unayezuia maiti isitoke, wakakutupia sarafu ili umwachie marehemu aende zake. Sarafu zinagonga jeneza la Filipo, na wewe unaendelea kusoma, unacheka!

Alikufa shingo imegeukia barabarani. Nilimnyoosha mwenyewe.

Umeyapata meno uliyoyataka, na wote tumeyaona. Usije kwenye arobaini.

Costancia

Mikumi, 14 Julai 2025

Bibi,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Sikucheka. Mdomo wangu haufungi. Soma hapo tena, kwa sababu kuniona uliniona lakini hukunielewa: mdomo wangu haufungi.

Sikurudi kwa daktari wa Morogoro. Barua yako ya pazia ilinikuta nimeshakichukia kioo, nikaona meno ya kubandika utayaimba mpaka kwenye kaburi langu. Wiki hiyohiyo akaja hapa mwanamke anaitwa Ziada, mtaalamu wa urembo kutoka Dar, amekodi chumba gesti, anatengeneza nyusi na midomo. Alikuwa na koti jeupe. Aliniuliza nataka meno yaonekane kiasi gani. Nikamwambia yaonekane. Alinichoma ganzi, akakata chini ya pua, akashona. Siku mbili nilikuwa mzuri, bibi, nilijipiga picha. Kisha nyuzi zikatunga usaha, uso ukavimba, na Ziada alikuwa ameshahama na simu yake haipatikani. Kidonda kilipokauka, kovu likauvuta mdomo juu na kuugandisha hapo. Hapo ndipo nilipomrudia yule mama wa Morogoro, akasema ngozi imekwisha, hakuna cha kushusha. Labda hospitali kubwa, labda wapandikize, lakini mdomo wa zamani nisahau.

Nalala na kitambaa kibichi mdomoni kwa sababu meno yanakauka. Midomo haikutani, kwa hiyo kuna maneno hayatoki. "Karibu" haitoki. "Bibi" haitoki. Jina la mjomba sikuweza kulitamka sawasawa mbele ya jeneza lake.

Mapokezi niliyapoteza mwezi wa tano. Alikuja mama mmoja mgeni analia, mumewe ameanguka chumbani hajitambui. Nikakimbilia simu huku nampa pole, na yeye akaniona nampa pole kwa meno yote. Alinizaba kofi mbele ya watu. Fortunatus aliniambia, "Nilitaka meno, sikutaka kejeli." Mabegi pia hakunirudishia, kwa sababu wabeba mabegi huonekana. Nipo stoo napanga mashuka. Niliposema nitapoteza kila kitu nilikuwa nimeshapoteza. Sikuja kumwona mjomba kwa sababu angeniona naye angedhani nafurahia kikohozi chake. Niliivua ile barakoa kwa sababu nilitaka asikie, maana angalau yeye alikuwa na masikio.

Sarafu niliziona. Machozi yalikuwa yanaingia mdomoni.

Mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda gesti kwa miguu yangu. Lakini na wewe nakulaumu, bibi. Nilitaka siku moja uje unikute mapokezi ukose la kusema.

Goodluck

Mabwerebwere, 24 Agosti 2025

Kwa mjukuu wangu mpendwa Goodluck,

Marahaba, mwanangu. Ninaamini barua hii itakukuta ukiendelea vizuri kwa neema ya Mungu. Sisi huku hatujambo.

Barua yako niliipata na nimeielewa. Pole sana. Sikukujibu mapema kwa sababu arobaini ilikuwa imekaribia, ungeweza kuja, na watoto wangeogopa. Ilikwenda salama. Mzee Mathayo amewaeleza watu wa Zombo kwamba ulikuwa ni ugonjwa, nao wamesikitika na wametuma pole zao.

Nimempa Yassin karanga za kusaga, kwa kuwa nadhani kutafuna kwako ni shida. Ukihitaji nyingine usisite kusema. Uendelee kumtegemea Mungu, yeye ndiye mponyaji.

Ni mimi bibi yako,
Costancia

Mikumi, 1 Septemba 2025

Mke wangu,

Shikamoo. Karanga zimefika. Kula najua, bibi, kufunga ndiko kunakonishinda.

Lakini huyu "mjukuu wangu mpendwa" ni nani? Barua yako imenikata kuliko wembe wa Ziada. Nimeitafuta pande zote mbili za karatasi nikitafuta tusi hata moja. "Usisite kusema"! Hivyo ndivyo Fortunatus anavyozungumza na mimi siku hizi, na wasichana wa jikoni, na Yassin. Wote wamekuwa na adabu. Nilidhani wewe utabaki.

Nitukane, bibi. Nakupa mwenyewe kwa kuanzia: sema nafanana na punda aliyenusa mkojo. Sema nzi wanaingia bila hodi. Sema nikifa watanizika na kifuniko cha sufuria. Chagua lolote, ongeza lako, wewe ni fundi. Nilikuwa nikisoma barua zako naumia, ni kweli, lakini nilikuwa najua naandikiwa mimi. Ukinitania nitajua bado nina uso.

Mumeo,
Goodluck

Mabwerebwere, 21 Septemba 2025

Kwa mjukuu wangu Goodluck,

Marahaba. Huku ni salama. Vifaa vya Filipo amevichukua fundi wa Malolo, chumba chake nimekifagia.

Nimejaribu ulichoniomba. Nimeandika la punda nikalikata. Nimeandika la nzi, nikalikata pia, na karatasi niliyoharibu nimewashia moto. Mkono haukatai kitu kingine chochote, unakataa hilo tu.

Nikwambie jambo ambalo sikuwahi kukwambia. Mdomo ule mrefu ulikuwa wa babu yako. Aliposhuka na mafundi wa reli, mimi msichana, ndio nilioutazama kwanza, na ndio ulionitoa kwetu. Alipokufa nikakaa miaka bila kuuona, mpaka ulipozaliwa wewe. Nilikuwa naucheka kila siku kwa sababu nilikuwa nautazama kila siku. Kingekuwa ni kilema nisingekigusa. Mtu mzima hamtanii kiwete kwa mguu wake.

Watani hawaoneani huruma, mwanangu. Mimi nakuonea. Kwa hiyo utani wetu umekwisha, na usiniite tena mke wako, sitajua nikujibu nini.

Jumapili padri amesoma majina ya wagonjwa wa kuombewa na jumuiya. Lako nimeliandikisha mimi.

Bibi yako,
Costancia